Tundu Ulilosimamia Halihesabiwi

Mtaani walimwita Bwana Meno, na kila mgeni aliyelisikia jina hilo alidhani ni daktari. Mama mmoja aliwahi kufika mlangoni kwake ameshika shavu lililovimba, machozi yanamlengalenga, akauliza kama anang'oa bila kuumiza. Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyu hang'oi, mama," alisema. "Huyu alikuwa anayapanda, tena ya chuma. Na siku hizi hata hayo hayapandi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi, kwenye karakana ya kiwanda, yeye ndiye aliyekuwa akikata meno ya gia. Ukimpelekea gia iliyosagika, hata kama aliyeitengeneza alishakufa na kuzikwa, aliihesabu, akaipima, akakukabidhi nyingine ikiwa bado ina joto. Kisha siku moja akaacha. Shafti, bushi na boliti aliendelea kuzikereza, kwanza kiwandani, halafu kiwanda kilipofungwa akaendelea nyumbani, kwenye chumba cha nyuma alichokiezeka bati kwa mikono yake, na mashine kuukuu ya kukereza aliyopewa siku ya kuagwa. Lakini aliyekuja na gia alirudishwa. "Meno sikati," alisema, na hakueleza zaidi. Watu wakasema fundi akizeeka huota maringo. Walikosea. Maringo alikuwa nayo zamani, enzi hizo za kukata.

Basi mchana mmoja alikuja shemeji yake, mjane wa mdogo wake, amebeba kitu kizito ndani ya mfuko wa saruji uliokunjwa mara mbili. Alikitua juu ya benchi, na benchi likalia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umebeba nini, mawe?"

"Nimekuletea ile gia ya winchi."

Bwana Meno alikuwa ameshika tupa. Aliiweka chini polepole, akajifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Ilikuwa miaka ishirini na moja hajaiona gia ile, wala hakujua kama ingalipo. Shemeji alikuwa akiendesha kiwanja cha matofali alichoachiwa na mumewe, na maji ya matofali yalitoka kwenye kisima cha hapo hapo. Sasa ndoo ilikuwa ikipanda na tope. Lazima mtu ashushwe kwa winchi achimbe zaidi. Fremu ya winchi ilikuwa nzima, ngoma ya kuvingirishia kamba nzima, na kamba mpya ilikwishapatikana. Kilichokosekana ni gia, na kila duka lilisema winchi ya aina hiyo haitengenezwi tena.

"Nani atashuka?" aliuliza Bwana Meno.

"Mwanangu. Hataki kibarua ashuke. Anasema kisima ni cha babake, basi atashuka yeye."

"Siwezi kukata. Sina kichwa."

"Hilo tunalijua siku nyingi," alisema mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Kichwa cha kugawia, jamani! Cha kiwandani kiliuzwa na vyuma chakavu."

"Basi kitengeneze," alisema shemeji, kama mtu anayesema bandika maji. "Mume wangu alikuwa akisema hakuna chuma kilichowahi kukushinda." Akaaga, akaondoka, akauacha mfuko pale pale. Bwana Meno hakuufungua. Aliusukuma chini ya benchi kwa mguu.

Inafaa nieleze kichwa cha kugawia ni nini, maana habari nzima imening'inia hapo. Ni kifaa cha kugawa duara vipande sawa. Ndani yake kuna gia ya meno arobaini inayosukumwa na shafti yenye uzi mmoja mnene kama wa skrubu. Ukizungusha mkono wake mara arobaini, chuma unachokikata kinageuka mara moja tu. Ukitaka meno thelathini na sita, kama ya gia ile, kila jino linahitaji mzunguko mmoja na kipande kidogo. Kipande hicho kinapimwa kwa sahani yenye matundu kumi na nane. Mzunguko mmoja, matundu mawili mbele, pini ya ule mkono inazama kwenye tundu, unakata. Mzunguko mmoja, matundu mawili, unakata. Kazi ya kusinzia.

Na kosa lake ni moja, tena huwapata waliobobea kuliko wanaoanza. Unapoanza kuhesabu, pini tayari iko ndani ya tundu. Tundu hilo halihesabiwi. Moja ni lile linalofuata, kama vile mtu anayehesabu hatua: pale aliposimama si hatua. Ukilihesabu unasogea tundu moja badala ya mawili, na jino unalolikata linatoka jembamba, na huko mwisho wa duara jino jingine linabaki nene. Ndiyo maana waungwana waliotengeneza vichwa hivi waliweka juu ya sahani mikono miwili midogo inayofunguka kama mkasi, ikushikie hesabu. Bwana Meno hakuigusa hata siku moja. "Hiyo ni ya wanafunzi," alikuwa akisema.

Siku aliyokata gia ile ya winchi, miaka ishirini na moja nyuma, mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akiingoja. Hakuwa mtu wa mashine, lakini alikuwa na jicho. Kwenye jino la kumi na mbili au la kumi na tatu, mtu aliita kutoka upande wa pili, Bwana Meno akageuka akajibu, akarudi kwenye mkono wa kichwa cha kugawia. Akasikia nyuma yake:

"Kaka, hapo umehesabu tundu ulilosimamia."

Mafundi wote walikuwepo. Bwana Meno hakugeuza hata shingo. "Tangu lini wapiga matofali wakanifundisha hesabu?" Karakana ikaangua kicheko, na mdogo wake naye akacheka, kwa kuwa afanyeje. Kazi ilipokwisha, gia ilizungushwa pamoja na gia mwenzake ya winchi. Ikaenda vizuri, halafu ikakaba mahali pamoja. Mahali pamoja tu. Fundi yeyote anajua maana ya hiyo, na yeye alijua. Alichukua tupa akalipunguza jino lililokaba, akapaka grisi, akamkabidhi mdogo wake. Jino jembamba hakulitafuta, kwa sababu kulitafuta kungekuwa kukubali.

Miezi saba baadaye, mdogo wake akiwa kwenye kamba anapandishwa kutoka chini ya kisima, jino la winchi lilivunjika, likavunja na jirani yake, na ngoma ikazunguka yenyewe mpaka kamba ikaisha. Watu walisema chuma kilikuwa kibovu. Walisema siku yake ilikuwa imefika. Hakuna aliyesema hesabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Mkuu asiyesikia la mdogo hakutungiwa methali, naye huvunjikiwa na nini?

Tangu hapo Bwana Meno aliishi ndani ya neno moja: huenda. Huenda lililovunjika ni jino jingine kabisa, zima, lenye unene wake. Meno yalikuwa thelathini na sita, jamani, kwa nini liwe lile? Na sasa jibu lilikuwa chini ya benchi lake, ndani ya mfuko wa saruji. Maana hata jino likivunjika, mapengo ya pande zake yanabaki, na kichwa cha kugawia hakigawi tu, kinapima pia. Alihitaji kukitengeneza ili mtoto wa mdogo wake asishuke na gia mbovu. Na siku kikiwa tayari, kitamwambia kama alimuua mdogo wake. Ndiyo sababu alifanya haraka asubuhi na kuzembea jioni, na mkewe akashindwa kuelewa kama mume ana bidii au ana homa.

Kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu alipata gia ya meno arobaini pamoja na shafti yake, kutoka kwenye mashine ambayo hakuna aliyekumbuka ilifanya nini. Aliyahesabu meno yake mara tatu, siku tatu tofauti. Alitoboa kipande kinene cha chuma kiwe mwili wa kichwa, akakereza shafti ya katikati mpaka ikaingia kwenye bushi yake kwa kusukumwa na kiganja tu, bila kucheza. Sahani ndiyo iliyomtoa jasho. Utagawaje duara mara kumi na nane ikiwa kifaa cha kugawia ndicho unachokitengeneza? Alikata ukanda wa bati wenye urefu wa sentimita tisini kamili, akauchora alama kila sentimita tano. Kisha akakereza gurudumu la mbao, akilipunguza unywele kwa unywele, mpaka ukanda ukalizunguka na ncha zake zikagusana bila kupandana. Alama kumi na nane zikakaa kwenye duara kama zilizaliwa hapo. Akafunga gurudumu na sahani kwenye shafti moja, akatoboa tundu baada ya tundu akifuata alama.

"Utotoni hukucheza?" mkewe aliuliza alipoliona lile gurudumu.

"Niache, mwanamke. Hapa nahesabu."

"Hesabu basi. Ila chai inapoa, na hiyo hairudi nyuma."

Siku alipofunga mkono na pini, ilikuwa mchana wa jua kali, mtaa umetulia. Alizungusha, akahesabu, pini ikazama. Tak. Akazungusha tena huku akiwaza mengine, pini ikazama. Tak. Halafu, kabla hajaondoa mkono, akasikia tak nyingine, laini, kama pini imesogezwa tundu moja mbele. Alitazama. Pini ilikuwa pale pale. Lakini alipohesabu upya kutoka alikotoka, alikuta amesogea tundu moja tu. Alikuwa amepunja.

Alisema ni springi. Akabadilisha springi. Alisema ni bati la paa linanyooka kwa jua. Akangoja siku ya mawingu. Haikusaidia. Akihesabu sawa, tak ilikuwa moja. Akiteleza, na kwa kukosa mazoea aliteleza mara kadhaa, ile ya pili ilikuja bila kukosa, nyuma ya bega lake la kulia, upande wa mlango. Alianza kufanya kazi mgongo ukiwa ukutani.

"Umeanza kuiambia mashine samahani," mkewe alimwambia wakati wa chakula, safari hii bila kucheka. "Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Labda nimekosea."

"Wewe? Umekosea?" Akamgusa paji la uso kuona kama ana joto.

Hatimaye kisingizio kikamwishia. Alivuta mfuko kutoka chini ya benchi, akaitoa gia, nyeusi kwa grisi iliyokauka, na kwenye ukingo wake lile pengo pana la meno mawili yaliyong'oka. Aliifunga juu ya kichwa cha kugawia, akaweka ncha ya chuma ndani ya pengo la kwanza, akaanza. Mzunguko mmoja, matundu mawili, ncha ikakaa. Mzunguko mmoja, matundu mawili, ikakaa. Kumi. Kumi na moja. Alipofika kwenye jino lililovunjika la kwanza na kuvuka, ncha haikukaa. Iligonga ukuta wa pengo, imepita kwa zaidi ya nusu milimita. Alirudisha mkono nyuma tundu moja, tundu moja tu, na ncha ikazama katikati bila kugusa popote.

Hakulia. Alichukua kitambaa na mafuta ya taa akasafisha shina la jino lile, kama mtu anayeosha kidonda ambacho tayari amekiona. Na chini ya grisi, kwenye ubavu wa gia, karibu na shina lenyewe, zilitokea nukta tatu ndogo za senta panchi, ile ncha ya kugongea alama kwenye chuma. Hazikuwa zake. Zilikuwa zimepigwa na mkono usio wa fundi mashine, moja imepinda, ila zilikuwa mahali penyewe hasa. Mdogo wake alikuwa amelitafuta jino ambalo yeye alikataa kulitafuta. Alilipata, akalitia alama, akanyamaza. Hapo ndipo alipokaa chini, kwenye vumbi la chuma.

Asubuhi alikwenda kwenye kiwanja cha matofali. Shemeji alikuwa akimwagia maji matofali ya jana. Bwana Meno hakusubiri salamu, kwa sababu alijua akisalimiwa ataishiwa ujasiri.

"Shemeji, jino lililovunjika nililikata vibaya mimi. Aliniona, akaniambia, nikamcheka mbele za watu."

Shemeji aliinamisha ndoo mpaka maji yakaisha. "Umeziona zile nukta?"

"Nimeziona."

"Alizipiga siku ile ile aliyoileta. Nilimwambia airudishe ukate nyingine. Akasema, 'Kaka ukimrudishia kazi umemtukana. Iache, nitaliangalia mwenyewe.' Akanifundisha: zile nukta zikija juu, punguza mkono, nenda polepole kama umebeba mtoto aliyelala. Na miezi saba nilipunguza, shemeji. Kila siku." Alisimama, ndoo tupu mkononi. "Siku ile kulikuwa na mteja getini anaita, anaita. Niligeuka kumjibu. Nukta zikapita sikuziona. Mimi ndiye niliyeushika mkono wa winchi."

Miaka ishirini na moja Bwana Meno alidhani kisima kile kilikuwa chake peke yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Nije mlangoni kwako niseme nimemuua mdogo wako?" Akamtazama. "Na wewe mbona hukuniambia?"

Walikaa juu ya matofali mabichi, wakayaharibu, wakalia kama watoto. Kijana aliporudi kutoka sokoni akawakuta hivyo, na wakamwambia yote, kila mtu sehemu yake. Alisikiliza akikwaruza udongo kwa kidole cha mguu. Walingoja awafukuze.

"Na hii mpya, baba mkubwa," aliuliza mwishowe, "nani atahesabu?"

"Mama yako."

Alihesabu kweli. Aliletewa kigoda, akaketi mlangoni mwa chumba cha nyuma, upande wa bega la kulia la Bwana Meno, macho kwenye sahani. Safari hii ile mikono miwili kama mkasi ilikuwepo. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa baada ya siku ya matofali. Kisu kikazunguka kwenye mashine, mafuta yakatoa moshi, pengo moja likakatwa mara tatu mpaka likafika kina chake. "Moja, mbili, sawa," shemeji alisema. "Moja, mbili, sawa." Mke wa Bwana Meno alileta chai, akaona nyuso zao, akaiweka chini bila utani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa ile.

Kwenye jino la ishirini na mbili skrubu ya ile mikono ililegea kwa mtetemo, mikono ikasogea, na Bwana Meno akaifuata bila kujua. Pini ikazama. Akashika usukani wa kusogezea kisu.

"Shemeji, bado moja. Umehesabu ulilosimamia."

Hasira ilimpanda kooni, ile ile ya zamani, bichi kabisa, maana hasira haizeeki na mwenyewe. Ilimfika kwenye ulimi. Alihesabu matundu ya sahani upya kwa kidole.

"Kweli," alisema. Akachomoa pini, akasogeza tundu moja, akakaza skrubu. Jino la thelathini na sita lilipokamilika, lilikuwa na unene sawa na la kwanza, na gia ilipozungushwa na mwenzake haikukaba popote. Tupa haikuhitajika.

Winchi ilijaribiwa kwa magunia ya mchanga mara kumi. Kijana alipoanza kuvua shati, Bwana Meno alikuwa tayari ameshavua viatu. "Naanza mimi," alisema. "Nimeikata mimi." Shemeji akaushika mkono wa winchi, na kabla ya kushusha akainama kuitazama gia. "Hakuna nukta?" "Hakuna." Bwana Meno akashushwa. Chini tope lilimfika magotini, na juu mbingu ilikuwa duara dogo lisilogawanyika. "Ulihesabu sawa, mdogo wangu," alisema kwa sauti, kama alivyopaswa kusema mbele ya karakana nzima. Kisima kikamrudishia sauti yake mwenyewe, basi. Akavuta kamba mara mbili, na jino baada ya jino akapandishwa hadi kwenye jua.

Siku hizi anakata meno tena, na anayemkosoa anashukuriwa, mpaka watu wanaona haya. Lakini mkewe amenisimulia jambo moja. Mchana, mtaa ukitulia, humkuta mumewe kwenye chumba cha nyuma, mashine imezimwa, hakuna kazi iliyofungwa. Anazungusha mkono wa kichwa cha kugawia mzunguko mmoja, anasogea tundu moja badala ya mawili, makusudi, anazamisha pini. Halafu anainamisha kichwa upande wa mlango, anangoja ile tak ya pili. Anakaa hivyo hata robo saa. Kisha anachomoa pini, anaisogeza mwenyewe.